Umeme Bila Waya: Maada Zilizosanifiwa na Kazi Yake ya Kusafirisha na Kuvuna Nishati

UTANGULIZI

Sura hii inaunganisha mada tatu za Fizikia unazozisoma Kidato cha Nne: mawimbi, sumakuumeme na elektroniki. Watahiniwa wengi huzisoma kama mada zisizojuana, kisha hukwama swali linapozichanganya. Ukiweza kueleza kwa ufasaha jinsi simu inavyochajiwa bila waya, utakuwa umejipima katika mada zote tatu kwa mpigo mmoja.

Shika jambo moja tangu sasa, kwa sababu majibu mengi ya sura hii yanasimama juu yake: maada iliyosanifiwa haizalishi nishati. Kazi yake ni kuongoza uga, ili sehemu kubwa zaidi ya nishati iliyotoka kwa mtumaji imfikie mpokeaji.

Baada ya kusoma sura hii uweze:
(a) kueleza kwa nini pengo la hewa hupunguza ufanisi wa kusafirisha umeme;
(b) kutaja njia tatu za kupunguza hasara hiyo, na kueleza kila moja inavyofanya kazi;
(c) kueleza hatua za kuvuna nishati kutoka kwenye mawimbi ya redio;
(d) kukokotoa ufanisi, urefu wa wimbi na muda wa kuchaji;
(e) kupima kwa hesabu madai ya wauzaji wa vifaa vya "umeme wa hewani".

1. MAMBO YA KUKUMBUKA

Mwaka 1831, Michael Faraday alizungushia koili mbili kwenye pete moja ya chuma huko London. Alipounganisha koili ya kwanza na betri, sindano ya galvanomita iliyokuwa kwenye koili ya pili ilicheza kidogo kisha ikatulia. Alipokata mkondo, sindano ilicheza tena, safari hii kuelekea upande wa pili. Mkondo ulipokuwa ukipita bila kubadilika, sindano haikucheza.

Funzo lake ni hili: umeme huzuka kwenye koili ya pili pale tu uga wa sumaku unaopita ndani yake unapobadilika. Ndiyo maana transfoma hutumia mkondo geu. Mkondo geu hubadilika wakati wote, na uga wake hubadilika pamoja nao.

Sasa angalia kazi ya chuma katika transfoma. Mistari ya uga wa sumaku hupita kwa urahisi zaidi ndani ya chuma kuliko hewani. Kiini cha chuma kinaibeba karibu mistari yote kutoka koili ya kwanza hadi ya pili. Kwa sababu hiyo transfoma kubwa za njia za umeme zina ufanisi unaozidi asilimia 95.

2. TATIZO: PENGO LA HEWA

Ondoa kile kiini cha chuma, kisha tenganisha koili mbili. Bado umeme utazuka kwenye koili ya pili, lakini utakuwa mdogo. Mistari mingi ya uga itatoka koili ya kwanza, itazunguka hewani na kurudi ilikotoka bila kuigusa koili ya pili.

Uga huo hupungua haraka sana. Umbali ukishakuwa mkubwa kuliko ukubwa wa koili, nguvu ya uga hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Ukiongeza umbali mara 2, uga unabaki sehemu 1 ya 8. Ukiongeza mara 4, unabaki sehemu 1 ya 64.

Ndoto ya kusafirisha umeme bila waya ni ya zamani. Nikola Tesla alianza mwaka 1901 kujenga mnara mkubwa wa Wardenclyffe, Long Island, Marekani, kwa nia ya kupeleka mawasiliano na umeme mbali bila waya. Fedha zilimwishia, na mnara ukabomolewa mwaka 1917. Swali la kisayansi lilibaki palepale: utauzuiaje uga usitawanyike?

Kuna majibu matatu yanayotumika leo, nayo mara nyingi hufanya kazi pamoja.

3. NJIA YA KWANZA: FERAITI

Chuma cha kawaida kinapitisha umeme. Uga unaobadilika haraka unapopita ndani yake huzusha mikondo midogo inayozunguka humohumo ndani ya chuma, iitwayo mikondo ya edi. Mikondo hiyo hukipasha chuma moto, na nishati hupotea. Katika transfoma ya njia ya umeme tunaipunguza kwa kutumia mabamba membamba yaliyohamiwa. Lakini chaja ya simu isiyo na waya hutumia masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ya kati ya takriban kilohezi 100 na 200. Umeme wa nyumbani una hezi 50 tu. Kwa masafa makubwa kiasi hicho, mabamba ya chuma hayatoshi.

Jibu lilipatikana Japani mwaka 1930, pale Yogoro Kato na Takeshi Takei walipogundua feraiti. Hii ni maada ya kauri inayotengenezwa kwa oksaidi ya chuma iliyochanganywa na oksaidi za metali nyingine kama manganizi, zinki au nikeli. Ina sifa mbili ambazo kwa kawaida haziendi pamoja:
(i) hupitisha mistari ya uga wa sumaku kwa urahisi;
(ii) haipitishi umeme vizuri, hivyo mikondo ya edi huwa midogo sana.

Ukifungua chaja ya simu isiyo na waya, utakuta koili bapa imelazwa juu ya bamba la feraiti. Ndani ya simu pia kuna bamba jembamba la namna hiyo kati ya koili na betri. Mistari ya uga inapofika hapo hugeuzwa na kurudishwa kuelekea koili, badala ya kupenya na kuipasha moto betri.

Kumbuka: feraiti husaidia sana koili zikiwa karibu, milimita chache tu. Zikiwa mbali, tunahitaji njia nyingine.

4. NJIA YA PILI: REZONANSI

Mtoto aliye kwenye bembea hahitaji kusukumwa kwa nguvu nyingi. Anahitaji kusukumwa kwa wakati wake. Msukumo mdogo ukija kila mara bembea inapoanza kurudi, mtetemo unakua. Hali hii, ambapo kitu hutetema kwa nguvu kwa sababu msukumo unalingana na masafa yake ya asili, huitwa rezonansi. Umeiona maabara pale hewa ndani ya mrija inapovuma kwa sauti kubwa, urefu wake ukilingana na mlio wa uma wa sauti.

Koili iliyounganishwa na kapasita nayo ina masafa yake ya asili. Koili ya kutuma na ya kupokea zikipangwa ziwe na masafa yaleyale, nishati huhama kutoka moja hadi nyingine hata kama ni mistari michache tu inayozifikia zote mbili. Vitu vingine vilivyo karibu, ambavyo masafa yake ni tofauti, huchukua nishati kidogo sana.

Mwaka 2007, watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliokuwa na Marin Soljačić, waliwasha balbu ya wati 60 iliyokuwa umbali wa zaidi ya mita 2. Walitumia masafa ya takriban megahezi 10, na ufanisi kati ya koili na koili ulikuwa takriban asilimia 40.

Kumbuka: asilimia 60 iliyobaki haikutoweka. Iligeuka hasa kuwa joto kwenye koili, na kiasi kidogo kikasambaa kama mawimbi.

5. NJIA YA TATU: METAMATERIALI

Katika maada ya kawaida, sifa kama kupitisha umeme au kuvutwa na sumaku hutokana na atomi zake. Katika metamateriali, sifa kuu hutokana na umbo na mpangilio wa vipande vidogo vilivyotengenezwa na mtu. Kipande kinachotumika sana ni pete ya shaba yenye mwanya mdogo. Pete hufanya kazi ya koili na mwanya hufanya kazi ya kapasita, hivyo kila pete ina masafa yake ya asili. Pete nyingi hupangwa kwa safu kwenye bamba, kila moja ikiwa ndogo kuliko urefu wa wimbi linalotumika. Kwa kuwa ni ndogo hivyo, wimbi "haliioni" pete mojamoja. Linaliona bamba zima kama maada ya aina mpya.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1967, Victor Veselago wa Urusi ya Kisovieti alionyesha kwa hesabu kwamba maada fulani ingeweza kupinda mwanga kuelekea upande usiotarajiwa, ingawa maada hiyo haikuwepo. Mwaka 2000, John Pendry wa Uingereza alionyesha kwamba bamba la maada kama hiyo lingefanya kazi ya lenzi, tena lingeweza kuuimarisha uga dhaifu ulio karibu na chanzo, ule ambao kwa kawaida hufifia upesi. Mwaka uleule David Smith na wenzake huko California walitengeneza maada ya namna hiyo kwa pete na waya za shaba.

Linganisha na lenzi mbonyeo uliyoisoma kwenye mada ya mwanga. Lenzi ikiwekwa mbele ya mshumaa haiongezi mwanga. Huukusanya ule uliokuwa ukitawanyika na kuulekeza mahali pamoja. Bamba la metamateriali likiwekwa kati ya koili mbili hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa uga wa sumaku. Uga kutoka koili ya kutuma huzusha mikondo kwenye zile pete, na mikondo hiyo huzalisha uga unaoungana na ule wa mwanzo kuelekea koili ya kupokea. Kwa koili ya kupokea, ni kana kwamba umbali umefupishwa.

Mwaka 2011, watafiti wa maabara ya Mitsubishi Electric iliyoko Marekani walipima jambo hili. Waliweka bamba la metamateriali kati ya koili mbili zenye rezonansi na kupata ufanisi mkubwa kuliko bila bamba. Kwa mfumo huo waliwasha balbu ya wati 40.

Mipaka ya metamateriali:
(i) hufanya kazi vizuri kwenye masafa finyu tu, yale ambayo pete zake zimepangiwa;
(ii) pete za shaba zina ukinzani, hivyo zenyewe hupoteza nishati kama joto;
(iii) bamba huchukua nafasi, na huwa kubwa zaidi masafa yanapokuwa madogo.

Kwa hiyo bamba lina faida pale tu nishati linayoiokoa inapozidi nishati linayoipoteza. Sentensi hii ni jibu zuri kwa swali lolote la "jadili".

6. KUVUNA NISHATI

Kusafirisha nishati kunahitaji mtumaji aliyekusudia kukutumia. Kuvuna nishati ni kuokota ile ambayo tayari iko katika mazingira: mawimbi ya redio na simu, mitikisiko ya mashine, joto au mwanga.

Kuvuna kutoka kwenye mawimbi ya redio kuna hatua tatu:
Hatua ya 1, kukusanya: antena au bamba la metamateriali hupokea wimbi, na mkondo geu mdogo huzuka.
Hatua ya 2, kunyoosha: diodi huruhusu mkondo kupita upande mmoja tu, na mkondo geu huwa mkondo mnyoofu.
Hatua ya 3, kuhifadhi: kapasita au betri ndogo hukusanya chaji kidogokidogo mpaka itoshe kutumika.

Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliunganisha pete tano za shaba zenye mwanya, kila moja ikiwa na kifaa cha kunyoosha mkondo. Walipozielekezea mawimbi ya megahezi 900, walipata volti 7.3 za mkondo mnyoofu, kwa ufanisi wa asilimia 36.8.

Hapa kuna mtego. Chaja ya kawaida ya simu hutoa volti 5. Je, volti 7.3 zinaonyesha kwamba pete hizo zinaishinda chaja? La. Volti si nishati. Nguvu ya umeme ni volti zidisha na mkondo, na mkondo wa pete hizo ni mdogo sana. Tutalithibitisha hili katika Mfano wa 3.

Maada nyingine zilizosanifiwa huvuna nishati ya mtikisiko. Mwaka 1880, ndugu wawili Pierre na Jacques Curie wa Ufaransa waligundua kwamba fuwele fulani huzusha umeme zinapobanwa. Leo hutengenezwa kauri zenye risasi, zirkoni na titani ambazo hufanya hivyo kwa nguvu zaidi. Kiwashio cha jiko la gesi kisicho na betri hutumia maada ya aina hii: ukibonyeza, kauri inapigwa, na cheche inaruka.

Faida ya kuvuna iko kwenye vifaa vinavyohitaji nishati kidogo mno: vipima joto na unyevu vilivyowekwa mahali pagumu kufikika, au vipima mtikisiko kwenye madaraja, ambako kubadilisha betri ni kazi kubwa kuliko kifaa chenyewe.

7. MIFANO YA HESABU

Mfano wa 1. Balbu ya wati 60 inawashwa bila waya kwa ufanisi wa asilimia 40 kati ya koili na koili. Tafuta nguvu inayoingia koili ya kutuma na nguvu inayopotea.

Suluhisho:
Ufanisi = (nguvu inayotoka ÷ nguvu inayoingia) × 100%
Nguvu inayoingia = 60 ÷ 0.40 = wati 150
Nguvu inayopotea = 150 − 60 = wati 90

Mfano wa 2. Tafuta urefu wa wimbi la megahezi 900, kisha eleza kwa nini pete zenye upana wa sentimita chache zinafaa kutumika nalo.

Suluhisho:
Urefu wa wimbi = kasi ÷ masafa = (3 × 10⁸) ÷ (9 × 10⁸) = mita 0.33, yaani sentimita 33.
Pete za sentimita chache ni ndogo kuliko sentimita 33, kwa hiyo wimbi huliona bamba kama maada moja.

Mfano wa 3. Mawimbi yenye nguvu ya miliwati 10 yanaangukia kivunaji chenye ufanisi wa asilimia 36.8. Betri ya simu ina milliampea-saa 4000 kwa volti 3.7. Itachukua siku ngapi kuijaza, tukichukulia kwamba hakuna hasara nyingine?

Suluhisho:
Nguvu inayopatikana = 0.368 × 10 = miliwati 3.68 = wati 0.00368
Nishati ya betri = ampea-saa 4 × volti 3.7 = wati-saa 14.8
14.8 × 3600 = jouli 53,280
Muda = 53,280 ÷ 0.00368 = takriban sekunde 14,480,000
14,480,000 ÷ 86,400 = takriban siku 168

Hiyo ni zaidi ya miezi mitano, tena simu ikiwa imezimwa. Na miliwati 10 ni nyingi: mawimbi ya redio yaliyotawanyika mtaani kwa kawaida ni dhaifu zaidi ya hapo. Kwa hiyo mtu akikuuzia kibandiko cha kujaza simu kwa "mawimbi ya hewani", hesabu hii inatosha kukulindia fedha zako.

8. MAKOSA YA KUEPUKA KWENYE MTIHANI

Usiandike "metamateriali huongeza nishati". Andika "huongeza ufanisi wa kusafirisha nishati". Kauli ya kwanza inavunja kanuni ya uhifadhi wa nishati.

Usiandike "umeme unaruka hewani kutoka chaja hadi simu". Hakuna elektroni zinazovuka pengo. Kinachovuka ni uga wa sumaku unaobadilika, na huo ndio unaozusha mkondo mpya kwenye koili ya simu.

Usichanganye rezonansi na induksheni. Induksheni ndiyo inayozusha umeme. Rezonansi huiwezesha kufanya kazi vizuri kwa umbali mkubwa zaidi.

Usisahau diodi. Koili hupokea mkondo geu, lakini betri huchajiwa kwa mkondo mnyoofu. Mchoro usio na diodi haujakamilika.

9. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Chaja isiyo na waya inatumia wati 10, na simu inapokea wati 7. (a) Kokotoa ufanisi. (b) Taja sehemu mbili ambako nishati inapotea.

2. Mwanafunzi ameunganisha betri moja kwa moja na koili ya kutuma, akaona koili ya kupokea haitoi umeme. Eleza kwa nini.

3. Sarafu ikiachwa kati ya simu na chaja isiyo na waya inaweza kupata moto. Eleza sababu.

4. Pasipoti za kielektroniki za Tanzania na Kenya zina chipu isiyo na betri. Chipu hupata umeme kutoka kwenye kisomaji kwa masafa ya megahezi 13.56. (a) Tafuta urefu wa wimbi. (b) Kwa nini pasipoti lazima isogezwe karibu na kisomaji?

5. Tangazo linasema: "Bamba letu la metamateriali huongeza chaji ya betri mara mbili bila kuunganishwa popote." Jadili.

MAJIBU KWA UFUPI

1. (a) (7 ÷ 10) × 100% = asilimia 70. (b) Joto kwenye ukinzani wa koili. Mikondo ya edi kwenye sehemu za chuma zilizo karibu.

2. Betri hutoa mkondo mnyoofu usiobadilika, kwa hiyo uga haubadiliki na hakuna umeme unaozuka. Sindano ingecheza kidogo tu wakati wa kuunganisha na wakati wa kukata.

3. Uga unaobadilika huzusha mikondo ya edi ndani ya sarafu. Mikondo hiyo, ikipita kwenye ukinzani wa metali, huleta joto. Hivyo usiache kitu cha metali juu ya chaja.

4. (a) (3 × 10⁸) ÷ (13.56 × 10⁶) = takriban mita 22.1. (b) Chipu hupokea nishati kwa induksheni, kupitia uga wa sumaku wa koili ndogo. Uga huo hupungua haraka umbali unapoongezeka.

5. Dai si la kweli. Bamba halina chanzo cha nishati. Linaweza tu kuongoza uga uliotoka kwa mtumaji, nalo hupoteza kiasi fulani kama joto. Bila mtumaji, au mawimbi ya kuvuna yenye nguvu ya kutosha, hakuna nishati mpya inayoweza kuingia kwenye betri. Taja kanuni ya uhifadhi wa nishati ili upate alama zote.